Tembo la Nyumbani: Anayeanza Aanze na Mnazi Mmoja

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Mombasa

Katika gazeti hili mmekwisha kusoma mengi juu ya mnazi. Mmeambiwa nafasi ya kuacha kati ya mti na mti, mmeambiwa namna ya kukausha mbata, mmeambiwa habari za makumbi, makuti na mafagio. Lakini liko jambo moja ambalo wenye minazi wengi hulifanya asubuhi na jioni, nalo halitajwi ila kwa kukemewa: ni kugema tembo. Mimi naona kunyamaza huku si kwema. Mtu asiyefundishwa hujifundisha mwenyewe, na anayejifundisha mwenyewe habari za pombe hulipia makosa yake kwa minazi yake, na mara nyingine kwa macho ya jirani yake.

Labda utauliza: karani aliyezaliwa Mji wa Kale, mtu wa msikitini, anajua nini habari za tembo? Swali ni la haki. Mimi sinywi, wala simwiti mtu kunywa. Lakini kazi yangu ni kupokea barua na watu, na wengi wajao kutoka skimu za Mtwapa, Shimba Hills na Magarini, wakisha kuuliza habari za mbegu, huinama juu ya meza na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye habari za deni: "Bwana karani, nataka kuanza kugema. Nianzeje?" Wengine ni wenyeji waliorithi minazi, wengine wametoka bara, na mgema hawakupata kumwona ila kwa mbali, yuko juu mtini. Nimewajibu kwa maneno mafupi mara nyingi mno. Leo nawajibu kwa maneno marefu mara moja.

Tuanze na kitu chenyewe. Tembo halipikwi. Aliyezoea busaa hupenda kuuliza moto uwe mkali kiasi gani na chungu kikae jikoni muda gani. Hapa hapana moto wala chungu. Mgema hutafuta karara changa, yaani ala la maua ambalo halijapasuka. Hulifunga kwa kamba ili lisifunguke, huliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hukata ncha yake kwa kotama, kisha huning'iniza kitoma. Maji hudondoka. Kazi iliyobaki ni kupanda mara mbili au tatu kila siku, kuteremsha kilichopatikana, na kuchonga ncha upya kwa kipande chembamba sana, maana kidonda kikiachwa hukauka na maji hukoma. Mgema aliyekwenda arusini kwa ndugu yake akalala huko, akirudi huenda akakuta karara limefunga.

Maji hayo yakitoka ni matamu. Sukari yake ni kiasi cha sehemu 12 hata 16 katika kila 100. Hamira ya kuyageuza haitiwi na mtu. Imo hewani, imo juu ya mti, na zaidi imo ndani ya kitoma kilichotumika jana. Viini vya hamira hula sukari na kuacha vitu viwili, kileo na hewa, na hewa hiyo ndiyo ifanyayo povu. Nilipokuwa nikifundisha shule, kabla sijaingia ukarani, niliwaonyesha watoto jambo hili kwa chupa: maji ya sukari yenye uvuguvugu, hamira kidogo ya dukani, na puto mdomoni mwa chupa. Kabla ya kengele ya mapumziko puto lilikuwa limesimama wima. Hapo ndipo penye elimu ya pombe zote, ya mnazi, ya mahindi na ya kiwandani. Ukilielewa puto lile umekwisha kuelewa nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni saa. Tembo lililoteremshwa sasa hivi katika kitoma safi ni tamu. Baada ya saa chache linaanza kuwasha ulimi. Kabla ya siku kwisha limekuwa kali, lina kileo cha sehemu 4 au 5 katika 100, yaani kama bia ya chupa. Kesho yake viini vingine vipendavyo uchachu vimekwisha kushika zamu, na mnywaji hukunja uso. Kwa hiyo tembo halingoji soko. Anayeanza hupenda kukusanya la siku tatu ili auze kwa pamoja. Huyo hauzi tembo, auza kitu ambacho si tembo tena wala hakijawa siki.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, ambalo wengi hawalioni mpaka limekwisha kuwapata. Mnazi mrefu wa kwetu Pwani hutoa karara moja karibu kila mwezi. Toka ua mpaka nazi iliyokomaa ya kuangua ni karibu mwaka mzima. Basi hesabu mwenyewe: karara ulilolifunga Januari hii ni nazi zako za Januari ijayo. Mwaka wa kwanza wa kugema huoni hasara hata kidogo, maana nazi za maua ya zamani bado zinakomaa juu ya mti huo huo, pamoja na kitoma. Unaangua nazi na unauza tembo, unajiona umegundua siri waliyokuficha wazee. Mwaka wa pili unatazama juu, huoni kitu.

Mkulima mmoja wa skimu, ambaye simtaji, alikuja ofisini na jani la mnazi mkononi akitaka dawa ya ugonjwa. Minazi yake yote, alisema, imeacha kuzaa kwa pamoja. Bwana shamba alilitazama lile jani huku na huku, lilikuwa zima. Kisha akamwuliza swali moja tu: "Uligema mingapi mwaka jana?" Yule mtu alikaa kitini, akaweka jani chini. Alikuwa amegema yote, kwa sababu ilikuwa miezi ya karo na pesa ya tembo hulipwa siku ile ile. Sikumlaumu, wala silaumu mtu kwa kutafuta karo. Lakini karo ya mwaka uliofuata aliinywesha watu wa mangwe mwaka wa nyuma yake.

Kwa hiyo shauri langu kwa anayeanza ni mnazi mmoja. Kama una jamaa wengi, miwili. Uchague mti mzima ulio karibu na nyumba, ambao utaweza kuutazama kila siku, na mingine uiache izae. Ukisha gema makarara mawili matatu katika mti huo, uuache nao uzae, uhamie mwingine. Kwa mnazi mmoja utapata lita moja au mbili kwa siku. Hazitoshi kuanzisha biashara, nami nafurahi kuwa hazitoshi. Zatosha kukufundisha ni saa ngapi tembo la mti wako hugeuka, kitoma chako kina tabia gani, na wewe mwenyewe una subira kiasi gani.

Hata wakubwa walianza kwa kidogo. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianza kutengeneza bia Ruaraka, karibu na Nairobi, na mwanzo wao haukuwa wa mashine kubwa. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu katika mawindo, na bia yao ikaitwa Tusker, kwa ajili ya yule mnyama mwenye pembe. Sisi Waswahili hatukuhitaji msiba kupata jina. Kwetu ndovu ni tembo na kinywaji ni tembo tangu zamani, na vyote viwili huangusha mtu.

Juu ya kupanda nitasema machache. Mtu mzima wa miaka 40 asiyepata kuparaga mnazi asianze kwa ajili ya makala yangu. Mwite mgema, mpatane kwa siku au kwa sehemu ya tembo, nawe ujifunze kwanza yale ya chini ya mti: kupokea, kuchuja, kuosha, kujua saa. Na vidato pia umwangalie. Sisi tuliosoma twalijua neno hili kwa shule, kidato cha kwanza mpaka cha nne, lakini mgema naye ana vidato vyake, ndivyo vile alama vinavyokatwa katika shina vya kuwekea mguu. Vikikatwa kwa kina, maji ya mvua hutuama ndani na shina huanza kuoza. Mwambie akate kidogo, au apande kwa kamba.

Vyombo ndivyo vinavyoharibu tembo la mwanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Kitoma kioshwe kila siku kwa maji yanayochemka, kisugulwe ndani, kining'inizwe chini juu mpaka kikauke. Mkulima asiyeosha husema mnazi wake una tembo baya. Mnazi hauna tembo baya, una mwenyewe mvivu. Chuja kwa kitambaa safi, maana nyuki na inzi hupenda utamu kama sisi. Na hapa nasema kwa sauti ya ofisi, si ya karani tu: usitumie kamwe jerikeni wala chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kuua wadudu au magugu. Usiseme umeiosha mara saba. Dawa nyingine hushika katika plastiki, na tembo, kwa uchachu wake na kileo chake, huweza kuivuta itoke. Chombo kama hicho kitoboe, kisitumiwe tena na mtu wala mnyama.

Mimi nimekosea pia katika habari ya vyombo, nami sitaficha. Nilileta nyumbani lita tano za tembo tamu kutoka Mtwapa, kwa nia ya kufanya siki. Nikalitia katika jerikeni, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote nikidhani ndio usafi, nikaliweka chini ya ngazi. Nyumba zetu za Mji wa Kale mwazijua: kuta ni nene lakini vichochoro ni vyembamba, na jambo la huyu hufika kwa yule kabla halijapoa. Usiku wa kuamkia Ijumaa jerikeni lilipasuka kwa mshindo, povu likapanda ngazi, harufu ikatoka mlangoni ikapita kichochoro kizima. Mama mkwe wangu, aliyekuja kukaa nasi wiki mbili, asubuhi alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Nilikuwa nimesahau puto. Hewa ile lazima itoke. Chombo cha tembo hufunikwa, hakifungwi.

Nije kwenye kuongeza. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watu hucheka. Lakini fikiri maji yenyewe hutoka wapi. Hutoka kisimani, hayachemshwi, na hutiwa wakati tembo limekwisha kuwa tayari, haliendi motoni tena. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Wengine hutia sukari ili lipate nguvu. Hiyo haiui, ila huharibu jina lako, maana mnywaji wa zamani hujua kwa ulimi wa kwanza.

Kuna nyongeza nyingine ambayo si ya kucheka. Mwezi wa Novemba 2000, katika Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani isiyo ya kunywa, iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 msiba kama huo ukarudi katika sehemu mbalimbali za nchi. Watu husikia habari hizi, wakasema pombe ya kienyeji ni sumu. Si kweli, nami naona ni dhuluma kwa wagema waaminifu. Utomvu wa mnazi ukichacha wenyewe hautoi methanoli ya kumdhuru mtu. Sumu ile ilitoka katika pipa, ikatiwa na mkono wa mtu aliyetaka nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Basi anayeanza na ashike sheria hii moja: kisichotoka katika karara kisiingie katika kitoma. Wala usijaribu kutonesha chang'aa nyumbani kwa sababu umefaulu kugema. Ule ni ufundi mwingine, una moto na mvuke unaowaka, na mkono wa serikali uko karibu.

Ninyi mliotoka bara msione nimewasahau. Najua mna yenu: busaa ya unga wa mahindi uliochachuliwa, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea cha wimbi, na muratina, ambayo hamira yake hukaa katika lile tunda lililokaushwa la mti wenye matunda kama soseji, likatiwa katika asali au maji ya miwa. Hizo zina walimu wake, na walimu hao wengi ni akina mama. Mama anayejua busaa tayari anajua usafi na saa, kwa hiyo nimeona katika skimu nyingine kuwa hujifunza tembo upesi kuliko mume wake, ijapokuwa mume ndiye anayejisifu.

Habari ya sheria ni fupi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 yataka leseni kwa anayetengeneza na kuuza, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Kabla hujauza hata kikombe kimoja, nenda ofisi ya kaunti yako ukaulize. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Nami huwaambia watu hivi: faini moja ni kubwa kuliko tembo la mnazi mmoja la miezi mingi.

Sasa niwaeleze kwa nini nililibeba lile jerikeni. Kila jioni nitokapo kazini nakata Marikiti, lile soko lililojengwa mwaka 1914, nikielekea nyumbani. Hapo na katika maduka ya Mji wa Kale siki hununuliwa kila siku: ya achari ya maembe, ya kachumbari, ya pilipili, ya kulainisha nyama ya mishkaki. Chupa zilizopangwa rafuni nyingi hazikupata kuuona mnazi. Ni asidi ya kiwandani iliyotiwa maji. Na hapo hapo, ng'ambo ya daraja la Nyali, mkulima anamwaga tembo la jana kwa sababu limechacha na mangwe hawalitaki. Limwagwalo ndilo siki yenyewe, ila halijamaliza safari.

Tembo hugeuka siki kwa kupata hewa. Litie katika mtungi wa udongo au chombo cha kioo chenye mdomo mpana, si cha shaba wala bati, maana uchachu hula madini. Funika kwa kitambaa, weka penye kivuli, usilitikise. Utando utatanda juu. Usiutoe, huo ndio mfanyakazi wako. Baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida mwezi mmoja au zaidi, ukali wa kileo umekwisha na uchachu umesimama. Chuja, pasha moto bila kuchemsha sana, tia katika chupa safi. Hapo ndipo tembo lililokuwa haliwezi kungoja kesho linapoweza kungoja mwaka.

Lakini sharti mjue mnunuzi wenu. Watu wa Mji wa Kale wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Nilimwendea mwalimu wangu wa chuoni nikamwuliza bila kuzunguka. Alinijibu kuwa maji ya mnazi yaliyowekwa kwa nia ya siki, yakageuka yenyewe bila kutupiwa kitu ndani, ni halali. Lakini yakisha kuwa kileo ukayatupia kitu, kama chumvi au kitunguu, ili kuyageuza, hapo katika madhehebu yetu hayafai. Nawaeleza haya hata ninyi msio Waislamu, kwa sababu mwenye duka atawauliza, na jibu la kweli litawapatia mnunuzi wa kudumu. Sheria ya mwalimu na sheria yangu ya kitoma, mkitazama vema, ni sheria moja.

Basi nina ombi kwa wakubwa wangu, nami naliandika hapa wazi. Tunapowaita wakulima katika mafunzo ya mnazi, siku moja apewe mgema mzee. Aje na kotama yake na vitoma vyake, aonyeshe watu namna ya kufunga karara, kuosha, kuchuja, na kuhesabu nazi za mwakani kabla ya kufunga kamba. Yuko mtu atakayesema serikali yafundisha ulevi. Mimi nadhani ulevi umekwisha kujifunza wenyewe zamani, bila msaada wa ofisi. Usafi na hesabu ndivyo bado.

Mara ya pili nilitumia chombo cha kioo na kitambaa, nikangoja siku 50. Sikumwambia mtu. Siku ya Idi kachumbari ililetwa mezani, na mama mkwe, ambaye alikuwa amekwisha kunisamehe, akauliza siki hii ya duka gani, maana yake imekwisha. Chupa iliyobaki iko ofisini, katika kabati la mafaili, upande wa kushoto. Anayetaka kuionja aje na kijiko chake.